Namna ya kutunga lugha ya miungu kwenye hadithi yako: anza na mdomo, maneno baadae

Kama unaandika hadithi za kubuni zenye miungu ndani, yani wale viumbe wakubwa walioinua milima na kuigawa mvua, ipo siku utafika ukurasa ambao mungu inabidi aongee, na hapo ndo wengi tunakwama. Unamuandikia "Nani amethubutu kuniamsha!" na ghafla mungu wako anaongea kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mimi na wenzangu wawili tunatunga hadithi za sauti, tunarekodi kwa simu chumbani hapa Tabata, feni imezimwa na dirisha tumeliziba na blanketi, na hii kazi ya lugha ya miungu imenichukua karibu mwaka mzima kuielewa. Naandika nilichokipata ili wewe usianzie sifuri.

Kwanza ngoja nitoe kosa ambalo karibu kila mtu analifanya. Unachukua Kiswahili unakigeuza. Bahari inakuwa ribaha, samaki kisama, upepo poupe. Hii tumeicheza wote utotoni, inaitwa kinyume, watoto wakitaka kuteta mbele ya wakubwa wanaongea hivo, kwaiyo msikilizaji wa Dar akisikia maneno matatu tu sikio lake linageuza lenyewe na mungu wako ameisha. Ukifikiri ni tatizo la wachanga sio kweli. Uingereza miaka ya 1580 kulikuwa na msomi na mnajimu John Dee na mwenzake Edward Kelley, waliandika lugha waliyosema wanapewa na malaika, ina maneno yake na herufi zake kabisa, na wataalamu wa lugha walipokuja kuichambua karne nyingi baadae wakakuta sarufi yake inaenda vilevile kama Kiingereza. Lugha ya mama inajipenyeza usipoisimamia. Ukibadilisha maneno peke yake umebadilisha rangi ya ukuta tu, nyumba ni ileile.

Sasa tuanze. Kabla ya neno hata moja, jiulize huyu mungu ana mwili gani. Ana midomo? Ana meno? Anavuta pumzi? Hili swali moja litakutungia nusu ya lugha bure.

Miungu wangu mimi wanatoka baharini, ni kama mkondo wa maji wenye akili, hawana midomo. Usiku mmoja umeme umekatika nikasimama mbele ya kioo na tochi ya simu, nikawa natamka herufi moja moja naangalia midomo yangu. Jaribu na wewe saa hii hii. M, b, p, midomo inafunga. F na v, mdomo wa chini unagusa meno. W, midomo inajikusanya. Hizo zote zikatoka. Afu nikaona kitu ambacho sikukitegemea, hata o na u zinahitaji midomo iwe duara, kwaiyo na zenyewe nje, nikabaki na a, e, i. Yani mungu asiye na midomo anaweza kukwambia asante lakini hawezi kukwambia karibu wala pole wala samahani. Anaweza kusema ardhi, radhi, hasira, sikiliza, nani. Hawezi kusema maji, moto, mtu, upepo. Na neno "Mungu" lenyewe hawezi kulitamka. Nilikaa kitandani nikaliangalia hilo kwa muda mrefu, maana hadithi nzima ilianza kujiandika hapo: watu wanamuita kwa jina ambalo yeye hawezi kulisema.

Mungu wako akiwa wa mawe labda atakuwa na k, t, g, d na hana s hata moja, kwasababu jiwe halitoi upepo. Wa moto mpe s, sh, h, kh. Usiogope kuwa na sauti chache, Kihawaii kina konsonanti 8 tu na irabu 5 na watu wanaimba, wanagombana na kutongozana vizuri tu. Mimi nilibaki na s, sh, z, th, dh, n, ng', l, r, h, gh na k, zinanitosha kabisa.

Ila kuna jambo moja nakusihi. Usichukue zile sauti za kidoko, za kugonga ulimi, za Wasandawe wa kule Dodoma au Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ukawapa miungu ili "wasikike wa ajabu". Hao ni watu, ni Watanzania wenzetu, wana watoto wanaenda shule, ukiwapa mizimu lugha yao umewafanya wao mizimu. Kama unaipenda sauti hiyo mpe binadamu wa kawaida kwenye hadithi, mkulima, fundi, mama mwenye nyumba.

Na tuongelee dini kidogo hapa hapa maana tunaishi na majirani. Sikio la mtu wa Dar tayari limeshazoea lugha ya juu ya binadamu, msikitini kuna Kiarabu, kwenye makanisa ya walokole kuna kunena kwa lugha, na kwenye ngoma ya kupunga pepo mtu akipandisha sauti yake inabadilika. Ukiiga mojawapo, hata bila kukusudia, msikilizaji anatoka kwenye hadithi anaanza kujiuliza kama unamtania Mungu wake. Mi nikishamaliza maneno yangu huwa nampa mtu wa msikitini na mtu wa kanisani wasikilize, na yeyote akisema "hili linanikumbusha kitu" nalifuta bila ubishi. Haigharimu chochote.

Ukishakuwa na sauti, tengeneza umbo la silabi. Kiswahili chetu karibu kila silabi inaishia na irabu na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ha-ri, ki-ta-bu, ndo maana hata neno la kubuni ukiliacha hivo linasikika la Kiswahili. Kwaiyo vunja kimoja kati ya hivo viwili. Mi nimeruhusu neno liishie na konsonanti, l, r, s, n. Ukitaka kuvunja mkazo badala yake inawezekana pia, na ujue mkazo una nguvu kuliko unavyodhani, barabara ya magari na barabara ya "ametenda barabara" zinaandikwa sawa ila mkazo tu ukihama maana inahama. Miungu wanaoweka mkazo mwanzoni mwa neno wanasikika wanaamuru, wanaoweka mwishoni wanasikika kama wanauliza hata wasipouliza.

Haya, sarufi. Hapa watu wanapoteza miezi, wanaandika kurasa za minyambuliko ambayo haitatumika. Chagua jambo moja tu la kina na ulifanye vizuri. Na sisi tumebarikiwa maana tuna ngeli, msomaji wetu anaelewa bila kufundishwa kwamba kitu kinaweza kubeba kundi lake ndani ya jina. Ebu liangalie neno mungu lenyewe, wingi wake ni miungu, linafuata umbo la mti na miti, halafu kwenye sentensi tunasema miungu wamekasirika, kama watu. Umbo la mti, tabia ya mtu. Hilo limekaa kwenye lugha yetu miaka yote na hatulioni.

Miungu wangu hawagawi vitu kwa mtu na kitu na mnyama, wao hiyo tofauti hawaioni. Wanagawa kwa muda. Kuna kinachodumu, kuna kinachorudi, kuna kinachokatika. Kinachodumu kinaishia na -ar, kinachorudi -il, kinachokatika -es. Sasa chukua mzizi ghel, maji. Ghelar ni bahari. Ghelil ni mvua, au maji kujaa, kwasababu yanaondoka na kurudi. Gheles ni maji ya kwenye kikombe, na ndo hilo hilo neno la machozi. Mzizi then ni nuru, thenar nyota, thenil mwezi, thenes ni taa au cheche. Mzizi neth ni pumzi: nethar ni mungu mwenyewe, nethil ni pepo za msimu, kusi na kaskazi, na nethes, pumzi inayokatika, ni binadamu. Ndo sisi. Mizizi mitatu, maneno tisa, na sijaeleza falsafa yoyote ila msikilizaji akifika kipande cha nne anajua miungu hawa wanatuonaje.

Na ukiwa na kitu kama hiki, drama inakuja bila kulazimisha. Kipande cha saba kwenye hadithi yetu mungu anamuangalia msichana mmoja wa kuokota kaa, siku zote binadamu wanaitwa nethes, yeye anamuita nethil. Irabu moja na konsonanti moja. Wenzangu tuliokuwa tunarekodi nao walinyamaza wote wawili, maana walielewa: huyu atarudi.

Nyakati nazo. Kiswahili kina li, na, ta, me, tunajua lini jambo limetokea. Mungu asiyekufa sidhani kama anahesabu hivo. Lakini msomaji wako hatosoma lugha ya kubuni kurasa nzima, sehemu kubwa utamtafsiria, na hapa tumia hu-. Jua huchomoza, maji hufuata mkondo, haina jana wala kesho. Mungu wa mto asiseme "nilikupa maji na wewe ukanisahau", aseme "maji huja, binadamu husahau". Soma zote mbili kwa sauti. Ya kwanza ni ya mtu aliyeumizwa, ya pili ni ya mtu ambaye kwake mwaka jana na leo ni kitu kimoja, inatisha zaidi na hujabadilisha hata neno gumu. Mi naitumia hii hata kwenye hadithi ambazo sijaziundia lugha.

Maneno sasa. Arobaini yanatosha, nakwambia kweli. Anza na vitu ambavyo miungu wanavihitaji na wanyime visivyowahusu. Wangu hawana neno la njaa, bei wala foleni, ila wana maneno matano ya kimya. Kila neno jipya litafute kwenye kamusi kwanza, maana ukimuita mungu wa anga Ghala msomaji anaona magunia ya mahindi, na uliza pia watu wa makabila mengine, nchi ina lugha zaidi ya 120 na hapa mjini zote zipo, neno lisilo na maana kwako linaweza kuwa tusi kwa jirani.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ndo iliyonifanya niandike yote haya. Lugha ya miungu haiaminiki kwa jinsi miungu wanavyoitamka. Inaaminika kwa jinsi binadamu wanavyoikosea. Kama miungu waliwahi kuishi karibu na watu basi kuna maneno yao yalibaki midomoni mwa watu, na maneno yakibaki hayabaki mazima.

J.R.R. Tolkien, yule Mwingereza aliyeandika The Lord of the Rings, alilielewa hili kuliko wote. Kwenye ulimwengu wake kuna Valar, wakuu walioingia duniani mwanzoni, na kwenye insha aliyoiandika karibu 1959 na 1960, ikaja kuchapishwa 1994 wakati yeye alishafariki 1973, ameonyesha lugha yao kwa maneno machache tu, makumi kadhaa. Elves, wale viumbe wasiozeeka waliosikia lugha hiyo, masikio yao hayakuipenda, waliiona nzito, kwaiyo wakayalainisha maneno waliyoyachukua. Chukua majina ya wawili kati ya hao Valar: Mānawenūz likawa Manwë. Tulukhastāz likawa Tulkas. Unaona? Msomaji anaanza kulijua jina laini kwanza, miaka mingi, halafu siku moja anaonyeshwa lilivyokuwa mwanzo, na anahisi kama amechimba chini ya nyumba yake akakuta msingi wa nyumba ya zamani zaidi.

Na sisi hatuhitaji kwenda mbali kujifunza namna hiyo kazi inavyofanyika, tumeifanya wenyewe mara elfu. Kitāb cha Kiarabu kilipofika pwani watu wakasikia ki- ya kwao, wakasema kitabu, na wingi wakasema vitabu, wakati Mwarabu mwenyewe anasema kutub. Waingereza walikuwa na kibao cha kuelekeza madereva wakae kushoto, tukapata kipilefti, na kwasababu kina ki- basi viwili ni vipilefti. Ile bati ya kuzuia matope kwenye baiskeli ilikuja na jina linaloanza na ma-, tukasema madigadi, na kama hayo ni mengi basi moja ni digadi, neno ambalo halijawahi kuwepo popote duniani mpaka fundi wa huku alipolisema. Hela tunayoililia kila mwisho wa mwezi imetoka kwenye Heller, sarafu ya Mjerumani alipokuwa anatawala hapa, sarafu imeshapotea zaidi ya miaka mia na neno lipo mfukoni.

Kwaiyo fanya hivi. Chukua neno la mungu lipitishe kwenye mdomo wa binadamu hatua kwa hatua, na andika kila hatua. Kwanza liongezee irabu mwishoni, nethar linakuwa nethari, kama rizq ilivyokuwa riziki na hukm ilivyokuwa hukumu. Pili badilisha sauti ambazo watu wa bara zinawapa tabu, th inakuwa s, dh inakuwa z, gh inakuwa g, unawasikia kila siku kwenye daladala wanasema samani na zambi na gali, hawakosei chochote, ndo ulimi wao. Nethari inakuwa nesari. Sasa kwenye hadithi yako watu wa pwani wanaomba kwa Nethari, watu wa bara wanaomba kwa Nesari, wanachukiana vizazi vitatu, na ni jina moja.

Hatua ya tatu ndo tamu kuliko zote, wape watu sarufi yao walitumie neno vibaya. Nina neno kithar, mzizi kith ni ahadi, kithar ni ahadi inayodumu, na kwa miungu iko moja tu, haihesabiki, ni kama kusema "ujana wa dunia". Binadamu wakalichukua wakasema kithari. Ki-. Haikupita muda wakasema vithari. Wakishasema vithari wakaanza kuvihesabu, wakishavihesabu wakaanza kuvichonga kwenye magamba ya kobe, na sokoni mtu anauza vithari viwili kwa bei ya kimoja. Siku mungu anapotoka majini baada ya miaka mia tatu, jambo la kwanza analolisikia ni mtoto anasema "nina vithari vinne", na yeye hana hata namna ya kuelewa hiyo sentensi. Hapo ndo vita vyangu vinapoanza. Hakuna upanga wala kiti cha enzi, ni ki- na vi-.

Kuhusu kuandika na kurekodi, haraka haraka. Mungu asiongee zaidi ya maneno sita kwa mkupuo. Usiweke tafsiri pembeni, acha neno lirudi mara tatu sehemu tofauti na msikilizaji atalikamata mwenyewe, mara ya kwanza anaona mtu analia, mara ya pili anaona kikombe kimemwagika, mara ya tatu anajua gheles ni nini. Kwa sauti sisi tunaongea ndani ya pipa tupu la plastiki lililolala ubavu, inatoa mvumo mzuri bila programu yoyote, na msomaji wetu anatamka akiwa ameshikilia kijiti kati ya meno ili midomo isikutane. Muandikie mkazo kwa kalamu nyekundu. Na mpe maji ya kunywa, gh inakausha koo.

Kitu cha mwisho cha kufanya kabla ya kuchapa, toa majina yako nje ya chumba. Mama wa bahari kwenye hadithi yetu jina lake la kwanza lilianza na Then-, nuru, nililipenda sana, ila nilipolipitisha kwenye ulimi wa mtaani th ikawa s na hapo hapo likaanza kusikika kama tusi ambalo siwezi kuliandika. Nikalibadilisha mzizi likawa Dhanghelar, mzazi wa bahari, nikaliandika kwenye karatasi nikaenda nalo Feri asubuhi kwa shangazi yangu anayeuza samaki pale.

Nikamwambia shikamoo shangazi, akasema marahaba mwanangu, mikono imejaa magamba ya changu, nikamshikia karatasi mbele ya macho nikamuomba anisomee tu hilo jina. Akalitazama. "Zangelari," akasema, "nani huyo?" Nikamwambia ni mama wa bahari kwenye hadithi. Akaendelea kupara samaki, na jirani yake wa meza ya pili akauliza, nyie mnamuongelea nani, shangazi akamjibu bila kuinua kichwa, "Zangela, mama wa bahari." Mpaka namaliza kumsaidia kubeba ndoo ya barafu wale wamama watatu walikuwa wanasema Mama Zangela, mmoja anauliza kama ndo yeye aliyewanyima vibua wiki nzima.

Nilirudi nyumbani nikafuta kurasa mbili. Sasa wavuvi kwenye hadithi wanamuita Mama Zangela, watu wa mjini wanasema Zangelari, na makuhani peke yao ndo wanasema Dhanghelar, tena mkazo wanauweka pasipo pake.